Fundi Aliyepotelewa na Kushoto

Katikati alikuwa mchoraji wa mabango, na jina hilo alipachikwa na watu wa mtaani kwa sababu moja tu: umpe ubao wa ukubwa wowote ule, ataweka kidole gumba juu yake bila rula wala kamba, na ukipima utakuta kidole kimekaa katikati hasa. Watu walishindania soda kwa kidole hicho. Mwenyewe alikunywa soda nyingi maishani bila kununua hata moja, na meno yake yalikuwa ushahidi tosha.

Mtaa mzima ulikuwa kazi ya mkono wake. Fundi viatu, duka la dawa, mashine ya kusaga, shule ya chekechea, wote walijitangaza kwa herufi zake nene zenye kivuli cha bluu. Akimaliza bango alirudi nyuma kidogo, akalikagua, akasema, "Limekamilika," basi, mjadala umefungwa. Mwenye duka akianza kusema labda herufi hii ingesogea, anakuta fundi anaosha brashi. Haambiliki, ndivyo mkewe alivyosema siku zote. Na tuseme haki, mara nyingi hakukuwa na la kumwambia, maana jicho lake lilikuwa jicho kweli.

Kisha kiharusi kikamkuta asubuhi moja anachanganya rangi. Mkono wa kushoto ukalegea, mdomo ukaenda upande, mkewe akapiga ukelele, majirani wakambeba. Hospitali walimwambia ana bahati: kusema anasema, kutembea anatembea, mkono wa kushoto utarudi taratibu, na ule wa kulia, mkono wa brashi, haukuguswa kabisa. Macho yakapimwa, yakaonekana mazima. Akarudi nyumbani anatamba kwamba kiharusi kimeshikana naye mieleka kikaondoka na aibu yake.

Kioja kilianzia mezani. Mkewe alimpakulia sahani imejaa, akala, akaisukuma na kununa.

"Siku hizi mnanipimia chakula kama mtoto?"

Mke akatazama. Nusu ya chakula, ile ya upande wa kushoto, ilikuwa haijaguswa. Akadhani mume anadeka, akaigeuza sahani ili aiondoe, na palepale mume akadaka kijiko. "Sasa hiki ndicho chakula. Asante kwa kuniongezea." Akaila ile nusu kwa raha zake. Mke alisimama na kitambaa mkononi, hajui acheke au aogope, mwishowe akacheka, kwa kuwa kuogopa kulishamchosha.

Akawa ananyoa ndevu shavu moja, lile la pili msitu. Hayo mke aliyavumilia. Lililomchoma ni kukaa kwao. Tangu walipooana yeye alikaa kushoto kwa mumewe, kwa sababu mkono wa kulia daima ulikuwa na brashi au kikombe, na hapo kushoto ndipo walipopangia kila jambo la nyumba. Sasa alikaa palepale, na mume anaangalia mbele kama msafiri asiyemjua mtu kituoni. Akimsemesha, anageukia kulia, anatafuta, anakata tamaa. Siku moja dada wa mume alikuja kumjulia hali, na Katikati akamwambia bila kupunguza sauti:

"Wifi yako amenichoka. Tangu niugue hakai na mimi hata kidogo."

Wifi mwenyewe alikuwa ameketi kando yake, kushoto, bega kwa bega. Alitoka nje akalia. Kesho yake akahamishia kiti upande wa kulia, na mumewe akampokea kwa furaha ya kweli kabisa. "Ulikuwa wapi siku zote hizi?" Hilo nalo likamuuma kuliko lile la kwanza.

Huku nyuma kinyozi wa pale kona alikuwa ameagiza bango: kichwa cha mwanamume kilichonyolewa vizuri, na maneno juu yake. Katikati alilichora akiimba. Kwa desturi yake hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia kazi kabla haijakauka, hata mke, kwa hiyo bango lilitoka kibandani limefungwa magazeti. Haikupita saa, kinyozi akarudi nalo kichwani.

"Shikamoo fundi. Samahani, lakini hii ndiyo nini?"

Kwenye nusu ya kulia kulikuwa na nusu kichwa: jicho moja, sikio moja, nusu mdomo unatabasamu, na maneno yamebanana pembeni mwa ubao kama watu wanaokimbia mvua. Nusu ya kushoto ilikuwa nyeupe tupu.

"Wateja wananiuliza kama siku hizi nanyoa nusu, halafu mtu arudi mwezi ujao nimmalizie," kinyozi akasema.

"Kichwa kizima hicho. Wewe ulitaka vingapi?"

"Jicho la pili liko wapi, mzee?"

"Macho yote yapo. Wa kupimwa macho ni wewe."

Kinyozi alitaka kuangua kicheko, lakini alipomwona mke wa fundi kicheko kikamkauka. Mke alikuwa anakumbuka sahani. Akalishika lile bango, akaligeuza juu chini, weupe ukahamia kulia.  Katikati akalisogelea, akapapasa ile rangi nyeupe, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Nani amefuta kazi yangu?"

Kwa mara ya kwanza tangu augue, Katikati aliogopa.

Hospitali walimpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya wagonjwa wa kiharusi, msichana mwembamba mwenye miwani na subira. Huyo akachora mstari mrefu kwenye karatasi, akamwomba aoneshe katikati. Fundi karibu acheke. Akaweka kidole gumba. Mtaalamu akapima, na kidole kilikuwa kimeangukia mbali kulia.

"Rula yenu imechakaa," Katikati akasema.

"Inawezekana, baba," mtaalamu akajibu bila kubishana. "Tuiache. Hebu fumba macho. Jifanye umesimama posta, unaelekea darajani. Tembea humo kichwani mwako, unitajie mabango yako unayoyapita."

Hilo lilimpendeza. "Fundi viatu. Duka la dawa. Fundi cherehani. Hoteli ya kona."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu. Mtaa wenyewe mfupi."

Mkewe, aliyekaa kando, aliyahesabu. Yote yalikuwa ya upande wa kulia.

"Haya. Sasa umefika darajani. Geuka, rudi posta. Unapita wapi?"

"Chekechea," Katikati akaanza. "Mashine ya kusaga. Fundi saa. Duka la vitabu..." Akasita. Akafumbua macho, akamkodolea msichana wa watu. "Hawa mara ya kwanza walikuwa wapi?"

"Walikuwepo."

"Na fundi viatu? Sasa hivi yeye kaenda wapi?"

"Hajaenda kokote, baba. Yuko kushoto kwako."

Basi hapo ndipo yule mtu asiyeambilika alipotamani kuambiwa. Rula angeweza kuilaumu, kinyozi angeweza kumtukana, lakini mtaa ule ulikuwa ndani ya kichwa chake mwenyewe, ameuchora bango kwa bango, na nusu yake ilikuwa inajificha na kujitokeza kulingana na alivyogeuka. Uoga ukaanza kumwachia nafasi kitu kingine: alitaka kujua.

Mtaalamu akamweleza. Macho yake hayana kasoro, ila kuona hakuishii machoni. Macho hupeleka habari tu, na ubongo ndio unaochagua lipi likushughulishe na lipi lipite. Kiharusi kiliharibu sehemu ya ubongo upande wa kulia, na sehemu hiyo ndiyo inayokuelekeza kushoto. Habari za kushoto zinafika mlangoni, hakuna wa kuzifungulia.

"Sasa mbona sioni pengo?" Katikati akauliza. "Nusu ya dunia ikitoka, si ningeona giza?"

Mtaalamu akafurahi, ilionekana wazi ni swali alilopenda kuulizwa. "Nyuma ya kisogo chako unaona giza?"

Fundi akafikiri sana. "Hapana. Sioni giza. Sioni... hakuna kitu cha kutokukiona."

"Ndivyo ilivyo na kushoto kwako. Ubongo haukuoneshi kile usichokishughulikia. Unachukua ulichonacho, unakuambia hii ndiyo dunia nzima, na wewe unaamini, maana huna mwingine wa kumuuliza humo ndani. Usidhani ni wewe peke yako. Sote kila jicho letu lina sehemu ndogo isiyoona kabisa, na hatujui, kwa sababu ubongo unapaziba kwa rangi ya jirani."

"Kumbe na wenyewe ni fundi rangi," Katikati akasema. Kisha akainama mbele. "Lakini mwanangu, nani anayeoneshwa? Ubongo unachora, sawa. Anayetazama bango ni nani?"

"Hilo, baba, hata mabingwa wake bado wanagombana."

Jibu hilo lilimfurahisha kuliko yote. Alirudi nyumbani na kikadi ambacho mtaalamu alimchorea: msalaba upande mmoja, doa jeusi upande mwingine. Akamwita kinyozi, akamfumbisha jicho moja, akamwambia atazame msalaba asipepese, huku yeye anasogeza kikadi polepole. Ghafla kinyozi akaruka.

"Doa limeenda wapi?"

"Lipo mkononi mwangu. Bongo lako limelipaka chokaa. Haya, nani sasa wa kupimwa?" Walicheka mpaka mke akatoka jikoni kuona kuna nini.

Ila mazoezi yenyewe hayakuwa na kicheko. Ubongo hujifunza, mtaalamu alisema, lakini hujifunza kwa kurudia jambo lilelile mpaka uchoke, kisha urudie tena. Alimwekea sheria moja: kila ukurasa na kila ubao upigwe mstari mwekundu pembeni kabisa kushoto, naye asianze chochote mpaka macho yake yameutafuta mstari ule na kuukuta. Katikati alisoma magazeti hivyo, alikula hivyo, akipekua kushoto, kushoto zaidi, huku anasonya. Siku nyingine alitupa gazeti ukutani.

Mke naye alipewa yake. "Rudi kukaa kushoto, mama," mtaalamu alimwambia. "Usimfuate. Mguse, mwite, lakini mwache akutafute." Ilimgharimu. Alikaa pale jioni nyingi, mtu asiyekuwepo, anamgusa mumewe mkono wa kushoto na kungoja. Mume akaanza kuufuata ule mguso: akakuta vidole, siku nyingine akakuta mkono mpaka kiwiko, akaupandia mkono ule kwa macho kidogo kidogo kama mtu anayefuata uzi. Jioni aliyofika usoni alibaki anamtazama tu.

"Nilikusema vibaya kwa dada," akasema. "Kumbe uko hapa."

"Nipo," mke akasema.

Lilibaki bango. Kinyozi aliuchukua ule ubao, akaupaka upya rangi nyeupe, akaurudisha. Alikuwa muungwana lakini alikuwa na kibanda cha kuendesha, na mabango ya plastiki ya kuchapwa kwa mashine yalikuwa yameshajaa mtaa wa pili. "Nikikosea hili," Katikati alimwambia mkewe, "brashi nazigawa. Sitaki kuwa fundi wa kuonewa huruma." Mke alijua hatanii. Mtu huyo bila brashi asingejua afanye nini na mikono yake, wala yeye asingejua aishi vipi na mtu huyo.

Safari hii aliacha mlango wa kibanda wazi. Akapiga mstari mwekundu kushoto, akapima katikati kwa rula, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Akachora kwa kusuasua: kila mara brashi ilipomaliza kazi kulia alisimama, akautafuta wekundu, akaukuta, akarudi. Kichwa kikatokea. Macho yakawa mawili, pua ikakaa mahali pake, mdomo ukatabasamu pande zote. Kinyozi alisimama mlangoni hapumui vizuri. Jasho lilikuwa linamtiririka fundi mpaka shingoni.

Akarudi nyuma. Akautafuta mstari, akaupata, akalipitisha jicho bango zima. Lilikuwa zuri. Lilikuwa kamili, hakuna hata penye kasoro. Akafungua mdomo kulitangaza, kisha akaufunga. Akageuka kushoto, akageuka zaidi, mpaka akamkuta mkewe.

"Limekamilika?"

Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumuuliza swali hilo. Mke aliutazama ule uso uliochoka, na alitamani mno kusema ndiyo. Neno lilifika kwenye ulimi.

"Bado," akasema. "Sikio la huku halipo."

Katikati akaligeukia bango. Aliona masikio mawili. Angeweza kuapa mbele ya mtu yeyote kwamba ni mawili. Hasira ya zamani ikampanda mpaka kooni, kinyozi akaiona, akatazama chini. Kisha fundi akachovya brashi kwenye rangi.

"Nipeleke," akamwambia mkewe.

Mke akamshika mkono ule wa brashi, akauvusha kushoto, ukapita pale ambapo kwa mumewe kichwa kilikuwa kimekwisha, ukaenda mahali ambapo kwake hapakuwa mahali, akautuliza hapo. Na Katikati akachora sikio.