Mama Mkwe na Grinda

Nekoye wa Sirisia si mtu wa kuogopa kelele. Amelea watoto watano, ameuza maharagwe sokoni miaka nenda miaka rudi, na ukimpunja kwenye kipimo atakufokea mpaka soko zima ligeuke. Lakini asubuhi aliyoishika grinda kwa mara ya kwanza, ile mashine ya umeme ya kukwangulia, aliishikia mbali kama nyoka. Haki ya nani, mwanamke wa miaka sitini na ushei!

Chanzo kilikuwa mwanawe Festus, karani kule Bungoma, kijana mwenye pesa kidogo na haraka nyingi. "Mama, hii nyumba imeoza," alimwambia. "Jumamosi naleta lori la mawe. Tunabomoa, tunajenga ya maana." Nyumba yenyewe ni ya mbao za mutarakwa, ule mwerezi mwekundu wenye harufu. Marehemu Makokha, mumewe Nekoye, alikuwa seremala, na aliijenga kwa mikono yake kabla hata ya kumwoa. Kwa nje ilikuwa aibu tupu, tusidanganyane. Kila Desemba, kabla ya wageni wa Krismasi, walipaka rangi mpya juu ya kuukuu bila kukwangua, mpaka ikawa nene kama ukoko wa ugali, imebambuka, inaning'inia. Nekoye hakubishana. Alitaka tu kujua mbao zikoje chini ya uchafu ule. Zikiwa zimeoza, atanyamaza. Zikiwa nzima, hakuna wa kumtoa humo.

Aliyekuwa na grinda ni Mukhwana, fundi wa fanicha Kitale, na hapo ndipo kazi ilipokuwa, maana Mukhwana ni mume wa binti yake Nasimiyu. Kwao mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, na mkwe kuparamia ukuta wa chumba anacholala mama mkwe, aa, hilo hata mchungaji angekohoa. Kwa hivyo Mukhwana alikuja na mashine Jumatano, akaifungia duara la msasa, akamkabidhi mkewe, kisha akaenda kusimama nyuma ya ua wa michongoma, nyumba ameipa mgongo.

"Mwambie Mama avae barakoa na miwani," alisema. "Rangi ya zamani ina sumu."

"Mama, ati uvae barakoa."

"Si nimesikia! Mimi ni kiziwi? Mwulize kuku watafanywaje."

"Mwambie awafungie, na atandike turubai chini, vumbi lisibaki uani."

Basi Nasimiyu akawa wa kwenda na kurudi, anacheka mpaka mbavu zinamuuma. Nekoye akawasha. Mashine ikanguruma, ikamvuta mikono, rangi ikaruka vipande vipande. Naye akapandwa na hasira, akaikandamiza kwa nguvu zote, na mara grinda ikabadilisha mlio, ikaanza kuchimba ubao.

"Mama!" Mukhwana alipiga kelele. "Usiikandamize! Iache itembee yenyewe!"

Nekoye akaizima. Nasimiyu akaziba mdomo. Tangu aoe kwao, mwanamume yule hakuwahi kumsemesha mama mkwe wake moja kwa moja, na sasa amemfokea. Kule nyuma ya michongoma palionekana kisogo tu, kimeinama kwa soni.

"Asante, mkwe wangu," Nekoye alijibu, naye pia moja kwa moja. Moyo wake ulifurahi kupita alivyotarajia. Akawasha tena, safari hii kwa mkono mwepesi, na kazi ikaenda.

Jumamosi Festus alifika na lori na vijana wenye nyundo. Akashuka, akasimama. Ukuta wote wa mbele ulikuwa mtupu, mbao nyekundu zimetoka juani. Hakusalimia mtu. Aliazima bisibisi kwa dereva, akadunga. Mbao mbili za chini, karibu na udongo, zilibonyea. Alizodunga juu yake zote zilikataa katakata. Nekoye alihesabu kila ubao uliodungwa.

Festus akasogea zaidi, akaweka paji la uso kwenye ubao.

"Mama," alisema. "Inanukia kama Baba."

Akaketi pale kizingitini akalia mbele ya vijana wa nyundo, bila kujali suruali yake ya ofisini. Nekoye alimwacha alie. Akajifuta macho kwa leso, akamwendea dereva, akamwambia mawe ayamwage kule nyuma, choo kinahitaji kujengwa upya.