Mkutano wa Siku ya Bamvua

Watafiti walikuja kuangalia kama mitambo ya umeme wa upepo inaweza kusimamishwa baharini, kaskazini ya mdomo wa Ruvuma. Wakahitaji mtu wa kutafsiri na kujaza fomu. Mimi, mwalimu wa sekondari mzaliwa wa kijiji kile, nikachaguliwa. Nilivimba kichwa, sikatai.

Walikuwa waungwana. Wiki nzima walishinda na darubini wakihesabu ndege wanaotua mwambani maji yakipwa, wakauliza kasa hutaga wapi. Kisha wakataka mkutano wa kijiji, maana waya wa umeme ungepita mwamba ule ule kuja nchi kavu. Nikatazama kalenda ya shuleni, nikapanga Jumatano, saa nne asubuhi, ufukweni. Sikufikiria mwezi na kupwa kwa maji. Siku hiyo ilikuwa bamvua, maji hukauka mpaka mbali, na wanawake wetu wote wenye nguvu huwa mwambani wakichokoa pweza. Mama yangu alikuwa huko. Pweza ndiye aliyenisomesha.

Kwa hiyo walikuja wanaume, wengi wao wakulima wa korosho. Mtafiti akauliza nani anautumia mwamba ule, nikatafsiri.

“Hakuna mtu pale, mwalimu,” mzee mmoja akajibu. “Mawe tu, na akina mama wanaokotaokota.”

Wakacheka, nami nikacheka. Kwenye fomu, penye shughuli za binadamu, nikaandika: hakuna.

Si kwamba nilimsahau mama na wenzake kule mwambani. Jua lilikuwa kali, fomu ilikuwa ndefu, na nilitaka wageni wanione mtu wa kazi. Nikikumbuka kicheko kile najichukia.

Ripoti ilipotoka, ndege walikuwa na kurasa zao, kasa nao zao, na ni haki yao. Njia ya waya ilisogezwa ili isiwasumbue ndege, ikapelekwa upande usio na watu, yaani kwenye mashimo ya pweza.

Nilimkuta mama uani anapigapiga pweza kwenye jiwe. Nikamweleza kwamba ujenzi ukianza yeye na wenzake hawataruhusiwa kuingia mwambani, na kwamba mimi ndiye niliyeandika hakuna mtu. Aliendelea kupiga kwa muda, kisha akamweka pweza kwenye beseni.

“Siku ile nilikuona kutoka mwambani,” akasema. “Wenzangu walitaka tutoke, twende mkutanoni. Nikawaambia tuendelee na kazi, mwanangu yupo pale, atatusemea.”