Jicho la Kushoto la Elinami

Elinami wa kaka yangu alizaliwa kwa ajili ya usukani, na anayebisha aje nibishane naye. Huku kwetu juu ya Makumira, akiwa hata shule hajaanza, alizitambua gari za watalii kwa mlio tu. Alipokua hakutaka cherehani wala saluni. "Shangazi, mimi nitapeleka wageni porini," aliniambia. Akasomea udereva, akasomea ndege na wanyama, na Kiingereza akakimudu.

Mwaka huu kampuni moja ya mjini ikamwita. Kilichobaki ni kupimwa macho tu. Tulimsindikiza mimi na wifi yangu Penina, mama yake, tukicheka njia nzima. Ukoo wetu una kipimo chake: asubuhi anga ikiwa safi, mtoto anasimamishwa nyuma ya migomba, anaelekezwa Kilimanjaro, anaulizwa, "Kibo unaiona?" Akisema anaiona na theluji yake, basi, macho mazima, nani apoteze nauli? Elinami aliiona kabla ya wenzake wote. Lakini jamani, nani aliwahi kumziba jicho moja?

Daktari alimziba la kulia. "Soma." Akakodoa jicho. "Hata ile herufi kubwa ya juu." Elinami akasema anaona ukungu. Penina akacheka, akidhani binti anatania. Akawekewa lenzi hii, akawekewa ile, wapi!

Yule daktari, kijana mpole, akatukalisha. Jicho la kushoto lilihitaji miwani tangu utotoni, la kulia halikuhitaji. Ubongo ukazoea kutumia lile zuri, hili likaachwa. Ndilo wanaloliita jicho vivu. Nikamjia juu: mbona hana makengeza? Akasema ndiyo maana halikugundulika. Watoto wa namna hii ni wengi, wamekaa madarasani na macho yao yamenyooka, hakuna anayewashuku.

"Angeletwa mdogo, kabla ya shule," akasema, "miwani na kumziba lile zuri kila siku vingemsaidia sana. Sasa ni mtu mzima, mama. Sitawadanganya."

Kampuni ilitaka dereva mwenye macho yote mawili. Ikawa basi.

Roho iliniuma, sisemi uongo. Mtoto alikuwa akimimina chai nje ya kikombe, akirushiwa mpira unampiga usoni, na nyumba nzima ikimwita mzembe. Mzembe! Hasira ninayo mpaka leo, na sijui nimkasirikie nani.

Nje ya kliniki Penina alikaa kwenye ngazi, akalia bila kujali wapita njia. "Mwanangu, mbona hukusema? Miaka yote hiyo, mbona hukutuambia?"

Elinami akachuchumaa, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Ningesema nini, mama? Nilidhani watu wote wanaonea moja, na la pili Mungu ametuwekea la akiba."