Jina Mgongoni mwa Nsimire

Nakumbuka, mwanangu, mchana mmoja wa mvua hapa Bukavu, bibi mmoja aliponinyamazisha mbele ya wenzangu.

Nilikuwa bado kijana. Sisi wanawake wa parokia tulikuwa tumeanzisha chama cha kuwapeleka shule watoto wasio na mtu wa kuwasomesha. Tulishona sote kitenge kimoja, tukaalika padri, tukapiga picha. Watoto tuliwapa mashati meupe ya shule, na mgongoni tukadarizi jina la chama, lenye neno "yatima" kwa herufi kubwa nyekundu. Tulijiona wema kweli, usinicheke.

Kati yao alikuwepo Nsimire, msichana aliyeletwa mjini na bibi yake kutoka Kamituga baada ya baba yake kufukiwa na shimo la dhahabu. Alipenda kusoma, mtoto yule. Lakini shuleni hawakumwita tena kwa jina lake, walimwita Yatima. Siku moja alichukua wembe akafumua maandishi yale, shati likachanika. Sisi tukakasirika, tukamwita bibi yake aje kutueleza kwa nini mtoto hana shukrani.

Bibi alikuja na beseni lake la mboga za lengalenga, akalitua, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nasema kuliko wote:

"Maman, baba yake alikufia mu shimo. Ile kifo munamubebesha ku mugongo kila siku, juu watu bajue ninyi muko bazuri?"

Hakupaza sauti. Alijitwisha beseni lake, akaenda zake na mvua ile.

Tulishona shati jingine, lisilo na maandishi. Nilipolipeleka, Nsimire alikuwa ameacha shule, amekwisha kurudi Kamituga. Nilimfuata, nikamkuta anatwanga mawe ya dhahabu pamoja na wanawake wazima, vumbi mpaka kwenye kope. Nilimwomba turudi. Alinisalimu kwa heshima, akaendelea kutwanga. Inaniuma, mwanangu.

Sasa ninyi vijana mnaanzisha chama chenu, nawe umekuja nikuombee. Nakuambia wazi: mtoto mnayemsomesha asitofautiane na mwenzake wa dawati moja. Picha pigeni ninyi kwa ninyi. Na kabla ya kumpa kitu, muulize yeye kwanza, umsikilize kama unavyomsikiliza padri.

Mungu akubariki. Akupe watoto wengi wa kusomesha, na wakishakuwa watu wazima, wapishane nawe barabarani bila kuona haya.