Ufizi wa Dada Mwanasha

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kama iliyopita juzi. Tulikuwa nyumbani kwetu Shika Adabu, kule Likoni, twala embe bichi kwa chumvi na pilipili, na dada yangu mkubwa, Mwanasha, akaacha damu kwenye kipande alichokiuma. Akakitupa upesi. Shangazi yetu, Bi Rukia, alikuwa ameshakiona.

Mwanasha alikuwa mpishi wa harusi, Likoni nzima ikiujua mkono wake kwenye biriani. Mcheshi pia, ila siku hizo alikuwa akicheka huku ameziba mdomo kwa ncha ya leso. Wageni wakidhani ni haya. Sisi wa nyumbani tulijua ufizi wamvuja damu, wala hakutaka kutajiwa.

Shangazi akamwita. Dada akaitika abee, akaenda kuketi karibu naye.

"Mwili haumwagi damu bure," Shangazi alimwambia. "Nenda kwa daktari wa meno."

"Ni ufizi tu, Shangazi. Ufizi haujaua mtu."

Shangazi akamjibu, "Mficha maradhi, mwanangu, kifo humuumbua."

Dada akasukutua kwa maji ya chumvi na karafuu, maumivu yakapoa, akajihesabu amepona. Pale palipovuja akawa hapapitishi mswaki, akihofia kupachokoza. Kumbe ndiko kuyalea maradhi.

Miezi ikapita. Zikaja homa za jioni, akitoka jasho hadi shuka zalowa. Tukadhani ni malaria. Akameza dawa, homa ikarudi. Kisha pumzi ikawa fupi. Kile kilima cha kutoka feri, alichokuwa akikipanda na sufuria kichwani, sasa akawa asimama katikati, amenishika bega.

Hospitalini daktari aliusikiliza moyo wake kwa muda mrefu, halafu akamwomba afunue mdomo. Sikufahamu mdomo na moyo vyahusianaje. Akatueleza taratibu kwamba vali moja ya moyo wa dada, yaani kilango cha kupitishia damu, ilikuwa na kasoro tangu utotoni, nasi hatukujua. Vijidudu vya ufizi vilipenya kwenye damu, vikaenda kukaa pale penye udhaifu, vikawa vyaila vali ile.

Tulipobaki wawili, dada akaniambia kwa sauti ndogo, "Shangazi asiambiwe kuwa ni ufizi."

Wallahi sikumwambia. Lakini dada hakupona, na siku ya kumwosha maiti, Shangazi ndiye aliyemfunga kidevu kwa kitambaa. Akautazama mdomo ule, akalia bila sauti. Hakuniuliza kitu.

Mwanangu, sisemi kila ufizi utokao damu huua. Ila mdharau mwiba, mguu huota tende. Ukiona damu kwenye mswaki, usiuache mswaki, wala usione haya. Nenda ukaangaliwe mapema. Na kama moyo wako una dosari, mwambie daktari wa meno kabla hajakugusa jino. Mwili ni mmoja, japo sisi twauita kwa majina mengi.

Mola akulinde kinywa na kifua, akujaalie uzee niliopewa mimi, ambao dada yangu hakuupata. Amin.