Salamu za Mjomba Omuse

Enzi zetu kule Amukura, redio haikusikilizwa na mtu aliyekaa bure. Masafa mafupi yalikuja na kuondoka kama pumzi ya mgonjwa: sasa mtangazaji anafoka, sasa anazama kwenye mvumo. Kazi ya kuzungusha kitufe cha sauti ilikuwa yangu, na niseme bila haya, nyumba nzima haikuwa na mkono kama wangu. Nyanya, akimenya muhogo, alisema tu, "Mjukuu, mtu wetu anazama tena," kumbe nimeshampandisha.

Mwenye makosa ni fundi wa soko. Aliifungua redio, akaifunga, akabaki na vipande vitatu mkononi. "Mama, hivi ni vya urembo," akamwambia nyanya, akamwachia.

Kisha dereva wa lori akatuletea ujumbe kutoka Malaba, mpakani. Mjomba Omuse, kitinda mimba wa nyanya, aliyevuka mpaka akanyamaza miaka mingi, angetuma salamu redioni Jumamosi jioni na kusema aliko. Siku hiyo ugali wa wimbi ulipoa bila kuguswa.

"Salamu kutoka kwa Omuse, ambaye kwa sasa yuko..."

Sauti ikazama. Nikazungusha hadi mwisho. Mawimbi yakarudi kwa kishindo, spika ikanguruma, nami kwa woga nikaishusha hadi kimya. Nilipoipandisha, walishafika kwa mtu mwingine.

Nyanya hakunigombeza. "Yuko hai. Aliko atakuja kusema mwenyewe." Alingoja hadi tulipomzika.

Nilikwenda ng'ambo kwa nauli yangu mwenyewe, nikarudi na stashahada ya elektroniki, ya kwanza katika ukoo wetu. Huko nilijifunza kwamba vile vya urembo vilikuwa sehemu ya AGC, sakiti inayopima nguvu ya mawimbi na kujirekebisha yenyewe: yakizidi hupunguza mara moja, yakififia huongeza taratibu. Mimi niliongeza kwa pupa.

Nimeirudishia redio ile vipande vyake. Vijana wa karakana yangu hapa Malaba, ambao mtandao ukikatika kidogo huomboleza kama waliofiwa, huniuliza, "Boss, hii inaingia laini gani?" Nawarudisha kazini. Zamani tulikuwa na wa kungojea, hatukuwa na sakiti. Sasa Jumamosi jioni naiwasha, mikono imetulia magotini haina kazi, na salamu zinafika kamili, jina na mahali, za watu nisiowajua.