Kazi Iliyoitwa Shikamoo

Saa mbili na robo asubuhi, Tumwagile Mwakajila ameshika simu kwa mikono miwili, ameibana sikioni na kufumba macho. Upande wa pili, kijijini Chanzuru, mtu ameielekeza simu kwenye mdomo wa pampu na mwingine anasukuma mpini. Kwanza unasikika mlio wa chuma. Kisha maji yanaanza kugonga ndoo tupu.

"Asante Yesu," ananong'ona. Halafu kwa sauti: "Haya, nimesikia. Msimalize salio lenu."

Anaiweka simu mezani, anashika kipanya, na kwenye kompyuta pekee ya chumba hiki cha kupanga, Magomeni mjini Kilosa, anabofya neno moja: Imekamilika.

Tumwagile ana miaka arobaini na minne. Majirani wanamwita Mama Goodhope. Kazi yake ni kupokea habari za pampu za mkono zilizoharibika katika vijiji kumi na tisa vya mradi wa maji, na kuzifikisha kwa mafundi walioko Mikumi.

Zamani habari hizo zilikwenda kwa simu, na kila wiki kulikuwa na ubishi: nilikuambia, hukuniambia. Mwaka jana, 2008, mradi ukaleta programu ya kompyuta ya kupangia kazi. Programu hiyo ina anwani yake ya barua pepe. Ukiiandikia barua, inaigeuza kuwa kazi kwenye orodha ya mafundi. Kichwa cha barua kinakuwa jina la kazi. Yaliyomo ndani yanakuwa maelezo. Mwanzoni fundi akimaliza aliiwekea alama mwenyewe, na Kilosa wakaona.

"Nilipoelezwa mara ya kwanza niliona kama mzaha," anasema. "Unaandika barua hapa, kule Mikumi inakuwa kazi ya mtu. Nikasema, basi hata mimi nimekuwa mkubwa."

Lakini siku zake hapa zinahesabika. Juni 30 mwaka huu mradi utakifunga chumba cha Kilosa. Mafundi watabaki, ila barua zitatakiwa kuandikwa na makatibu wa kamati za maji wenyewe, kwenye duka la intaneti la mjini, siku wanazokuja gulioni. Kijiji ambacho katibu wake hajui, pampu yake ikifa itakaa imekufa.

Makatibu kumi na wanane ameshawafundisha. Amebaki mmoja, Mama Filomena wa Msowero, naye hataki kuiona kompyuta. Na Tumwagile anajua kwa nini. Kosa ni lake.

*

Alizaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge, upande wa Kimamba. Baba yake, mzee Lupakisyo, alitoka Rungwe kuja kukata mkonge, akasema atakaa miaka miwili, akazikwa hukohuko. Tumwagile mwenyewe alimaliza darasa la saba akaajiriwa shambani, kwenye mizani.

Mwaka 1997 shamba lilipata mmiliki mpya. Watu mia mbili na kitu walipunguzwa kazi, naye akiwamo. Akahamia Magomeni na kuanza kukaanga maandazi. Siku nzuri ilimwachia shilingi elfu moja na mia tano.

Akiwa na miaka thelathini na tisa alijiandikisha masomo ya jioni ya kompyuta kwenye ukumbi wa kanisa. Mwalimu alikuwa mdogo kuliko Goodhope, mwanawe wa kwanza. Kompyuta zilikuwa mbili, wanafunzi kumi na wanne, na umeme ulikuwa na siku zake.

"Vidole vilikuwa vimezoea unga," anasema. "Kila nikikaa naomba kwanza. Nasema Bwana, mikono hii umeiumba wewe, ipe akili. Wenzangu walikuwa wakinicheka, lakini ukikatika umeme nao wanasema, Mama Goodhope, tuombee."

Alisoma miaka miwili na nusu. Mradi ulipotafuta mtu wa kuandika barua, jina lake lilitajwa. Mshahara ni shilingi laki moja na arobaini kwa mwezi. Mpaka leo hafungui mashine kabla ya kuinamisha kichwa.

*

Oktoba mwaka jana, pampu ya zahanati ya Msowero iliacha kutoa maji. Ndiyo pekee iliyo karibu na wodi ya wazazi. Mama Filomena akapiga simu Kilosa siku hiyohiyo, na Tumwagile akaandika barua yake ya kwanza kabisa kwa programu ile.

Kwenye kichwa cha barua aliandika: Shikamoo Mzee Cleopa, habari za Mikumi. Ndani akaeleza vizuri: kijiji, pampu, inavyolia, tangu lini.

"Sasa ningeandika nini pale juu?" anauliza. "Fundi Cleopa ana miaka hamsini na minane. Mtu mzima huwezi kumwanzia na pampu."

Kesho yake kazi ilionekana ina alama: imekamilika. Akashangaa kwa wepesi ule, akamshukuru Mungu, akampigia Mama Filomena kumwambia mafundi wamemaliza. Siku tatu baadaye Mama Filomena akapiga tena: hakuna maji. Tumwagile akadhani imeharibika upya. Akaandika: Shikamoo tena Mzee wangu. Nayo ikakamilika. Simu ya Msowero ikaja tena, akaandika ya tatu: Mzee Cleopa, salamu za Jumatatu. Ikakamilika kabla ya saa nne.

Siku ya tisa simu ya Msowero haikuanza na salamu.

"Mama Goodhope, hao mafundi unaosema wamekuja, wamekuja wapi? Mbinguni?"

"Mama, hapa mbele yangu imeandikwa imekamilika."

"Basi chota maji humo kwenye hiyo kompyuta umletee Nesi Mwamvua. Jana mwanamke amejifungua kwa ndoo ya maji ya mtoni, kaibeba mwenyewe, uchungu umemshika. Wewe unaniambia imekamilika."

Akakata. Tumwagile akapiga Mikumi, simu ya fundi ikawa haipatikani. Akafunga chumba, akapanda basi kwenda Mikumi.

Alimkuta Cleopa kwenye karakana ya mradi, ananoa msumeno.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Goodhope! Safari hii shikamoo umeileta mwenyewe? Maana wewe kwa salamu hujambo. Kwa wiki moja na kitu umenisalimia mara tatu."

Akamwonyesha karatasi. Kila asubuhi hutoa kwenye mashine orodha ya majina ya kazi tu, bila maelezo, kwa sababu wino unakwisha haraka na Morogoro, unakonunuliwa, ni mbali. Tumwagile akasoma: Kijiji cha Ulaya, mpini umevunjika. Zombo, pampu haipandishi. Shikamoo Mzee Cleopa, habari za Mikumi. Pembeni pana alama ya kalamu.

"Nilisoma shikamoo, nikaitikia marahaba, nikaiwekea alama, kwenye karatasi na kwenye kompyuta," Cleopa anakumbuka. "Ningefanya nini kingine? Shikamoo ukishaiitikia imekwisha. Nilimwona mama mwenye adabu sana. Aliponiambia ndani mlikuwa na zahanati, nilikaa chini."

Waliondoka na pikipiki saa ileile. Kabla ya jua kuzama maji yalikuwa yanatoka Msowero. Nesi Mwamvua alimpa Tumwagile kikombe cha kwanza. Mama Filomena hakuja pampuni.

"Nililia njia nzima," anasema Tumwagile. "Sikulia kwa kukosea kuandika. Nililia kwa kusema maji yapo na sijayasikia. Niliomba Mungu anisamehe, nikamwomba Mzee Cleopa kufunga kazi aniachie mimi, nikaweka ahadi. Sitabofya lile neno mpaka nisikie ndoo."

Ndiyo sababu ya simu ile ya Chanzuru. Na tangu hapo kichwa cha barua kina kijiji na ubovu. Salamu hakuziacha. Ameziweka ndani, mstari wa kwanza. Cleopa naye husoma ndani kila kazi kwa macho yake kwenye kompyuta kabla ya kuwasha pikipiki.

*

Jumatano hii, siku ya gulio, mlango wa chumba unasukumwa bila hodi. Mama Filomena, miaka sitini na saba, anaingia na kikapu cha nyanya.

"Shikamoo, Mama," anasema Tumwagile, ameshasimama.

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya zahanati, si kwa ajili yako. Pampu imeanza kupiga hewa. Na nasikia mnafunga. Nionyeshe."

Tumwagile anampisha kiti. Mama Filomena anaandika kwa kidole kimoja, kila herufi akiitafuta kama anachambua mchele. Inachukua dakika ishirini: Msowero zahanati, pampu inapiga hewa.

"Na salamu?"

"Ndani, Mama. Mstari wa kwanza."

"Huyo Cleopa ana miaka mingapi?"

"Hamsini na minane."

"Basi yeye ndiye aniamkie." Anaandika: Cleopa mwanangu, hujambo? Kisha maelezo. Kabla ya kutuma, Tumwagile anainamisha kichwa. Mama Filomena anamtazama, naye anainamisha chake.

Jibu linatokea chini ya kazi baada ya robo saa: Shikamoo Mama. Sijambo. Kesho asubuhi nipo kwenu.

"Marahaba," Mama Filomena anaiambia kompyuta. Anachukua kikapu chake. "Nitaamini nikiona."

Tumwagile anabaki peke yake. Baada ya Juni anataka kurudi kwenye ukumbi ule wa kanisa jioni, safari hii asimame mbele na kuwafundisha akina mama wenye vidole vya unga. "Naomba Mungu ifike siku simu hii isilie kabisa," anasema. "Waandike wenyewe, wafunge wenyewe."

Kesho yake, saa tano kasoro, simu inalia. Anaibana sikioni, anafumba macho. Chuma. Kimya. Kisha ndoo.

"Umesikia?" ni sauti ya Mama Filomena.

"Nimesikia, Mama. Asante Yesu." Mkono wake umeshafika kwenye kipanya.

"Usiguse. Nimeiandika mimi. Jumatano nakuja kuifunga mwenyewe."

Tumwagile anarudisha mkono mapajani na kuiacha kazi ilivyo.